Kiti cha Sabini na Moja

Agosti 1960 Tanganyika ilichagua wajumbe 71 wa Baraza la Kutunga Sheria, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Katika majimbo 58 hapakupigwa kura hata moja, maana mgombea wa TANU alijikuta yuko peke yake. Majimbo 13 yaliyobaki yakaenda kwenye sanduku, na TANU ikayabeba yote isipokuwa Mbulu. Mbulu alishinda Herman Elias Sarwatt.

Vitabu vya historia humtaja Sarwatt kwa nusu sentensi, kama mtu anayefunga hesabu: TANU 70, mgombea binafsi mmoja. Kinachorukwa ni kwamba huyo mgombea binafsi alikuwa mwanachama wa TANU. Chama kilimsimamisha mtu mwingine, yeye akasimama kivyake, wananchi wakampa kura, na alipofika Dar es Salaam akaungana na wenzake wa TANU. Ukilitazama vizuri, baraza lile halikuwa na mpinzani hata mmoja miongoni mwa wale 71. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walikataa kuchaguliwa mtu.

Sura hii inahusu chaguzi ndogo za madiwani, na msomaji ana haki ya kuuliza mwaka 1960 umeingiaje. Umeingia kwa sababu mlango alioupita Sarwatt ulifungwa miaka mitano baadaye na haujafunguliwa tena, na chaguzi ndogo nyingi tulizozipigia kelele kwa miaka kadhaa sasa ni matokeo ya kufungwa kwake. Tunazisoma kama kipimo cha nguvu za vyama. Mimi nadhani mara nyingi zinapima kitu kingine kabisa.

Mbulu ya Sarwatt ilikuwa pana kuliko wilaya tunayoijua leo. Karatu, Babati na Hanang zilikuwa ndani yake. Humo waliishi Wairaqw wa milimani, Wabarabaig na ng'ombe wao kuuzunguka mlima Hanang, Wagorowa wa Babati, Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Maisha ya siasa ya watu hawa yalikuwa ya karibu karibu: nani alime wapi, nani achunge wapi, maji ya nani. Ukitaka kuona jinsi mambo hayo yanavyoweza kuwa makubwa, nenda Basotu, Hanang. Huko shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano, yapata ekari laki moja, kwenye ardhi bora ya malisho ya Wabarabaig. Majina ya mashamba hayo yalikuwa ya Kibarabaig, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, lakini wenye majina walifukuzwa humo na ng'ombe wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda Mahakama Kuu kikapata ushindi, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Mpiga kura wa kata ya namna hiyo anapomtafuta diwani hatafuti itikadi. Anatafuta mtu atakayesimama kwenye baraza la madiwani pale Katesh na kutaja njia ya mifugo kwa jina lake, bila kutetemeka mbele ya mkurugenzi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Chama ni kitu cha taifa zima, kata ni kitu cha majirani. Mwaka 1960 sheria iliruhusu vitu hivyo viwili viachane kwa amani: ukikosana na chama kuhusu mtu, unamsimamisha mtu wako, na maisha yanaendelea.

Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja, na Katiba ya Muda ya 1965 ikaliweka jambo hilo kisheria. Tusiwadharau waliobuni utaratibu ule. Walijua kwamba wananchi wakinyimwa chama cha pili lazima wapewe walau mtu wa pili, kwa hiyo karibu kila jimbo likawa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Mwaka 1965 waziri wa fedha, Paul Bomani, akaangushwa Mwanza. Lakini majina hayo mawili yalipitishwa na vikao vya juu, na aliyeachwa nje na vikao hakuwa na pa kwenda. Sarwatt wa pili asingewezekana.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wengi walitarajia mlango ufunguke wenyewe. Haukufunguka. Sheria ilidai mgombea wa ngazi yoyote, kuanzia diwani hadi rais, awe amedhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua mgombea binafsi aruhusiwe. Serikali ikajibu kwa kubadilisha Katiba. Mtikila akarudi tena, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, kisha Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liachwe kwa Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki yake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, sheria ikiwa vile vile. Siwezi kumsifu kwa kila alilolisema majukwaani, na alisema mengi, lakini kwa kesi hii peke yake nchi ina deni kwake.

Sasa fikiria ugomvi wa mwaka 1960 ukitokea baada ya 1992. Mtu anapendwa kwao, chama kinamkata jina. Hawezi kusimama kivyake. Ana njia mbili: akae kimya, au ahamie chama kingine. Akihama, wapiga kura wake wanalazimika kuhama naye, hata kama hawakuwa na ugomvi wowote na chama cha zamani. Mwaka 1995 padri wa zamani, Wilbrod Slaa, aliomba kusimama Karatu kwa tiketi ya CCM, chama kilichotokana na TANU. Jina lake halikurudi. Akaenda CHADEMA, chama cha upinzani, na Karatu ikaenda naye. Ilibaki huko miaka 25: Slaa hadi 2010, kisha Israel Natse, kisha Willy Qambalo hadi 2020. Chama kilichokuwa hakina mizizi Karatu kilipewa mizizi na uamuzi wa kikao cha CCM. Mwaka 2010, Slaa akigombea urais na kupata zaidi ya robo ya kura za nchi, Mbulu nayo ilimwangusha waziri Philip Marmo wa CCM na kumpeleka bungeni Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa kuwa Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, na yote mawili yakarudi CCM.

Anayependa hadithi safi angeishia hapo na kusema kwamba katika nyanda hizi mtu humshinda chama. Hanang haimruhusu. Frederick Sumaye aliiwakilisha Hanang bungeni kuanzia 1985 hadi 2005, na kwa miaka kumi ya mwisho alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Huwezi kupata mtu mkubwa kuliko huyo wilayani. Mwaka 2012 aligombea ujumbe wa Halmashauri Kuu ya CCM kupitia Hanang, akashindwa na mbunge aliyemrithi, Mary Nagu. Agosti 2015 akaihama CCM, akapanda majukwaa ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, kumnadi Edward Lowassa kwa urais, na Hanang ikamrudisha Nagu bungeni kwa CCM kana kwamba hakuna kilichotokea. Februari 2020 Sumaye mwenyewe akarudi CCM. Kwa hiyo mtu huweza kumbeba mpiga kura akavuka naye mto, lakini inategemea mtu huyo alikatwa akiwa bado ni wa majirani, au alihama akiwa ameshakuwa wa taifa. Slaa wa 1995 alikuwa wa kwanza. Sumaye wa 2015 alikuwa wa pili.

Turudi kwenye kata. Diwani anayehama chama hupoteza kiti. Kiti kikiwa wazi, Tume ya Uchaguzi hutangaza uchaguzi mdogo, na yule yule aliyekiacha anaweza kurudi kukiomba akiwa amevaa rangi nyingine. Viti huwa wazi pia kwa kifo, kwa kujiuzulu kwa sababu za kawaida, kwa hukumu ya mahakama. Lakini kifo hakiji kwa mawimbi. Kuhama huja kwa mawimbi.

Wimbi la kwanza lilivuma kuelekea upinzani. Mwaka 2012 James Millya, aliyekuwa mwenyekiti wa vijana wa CCM mkoani Arusha, alihamia CHADEMA na wenzake kadhaa. Diwani wa CCM wa Sombetini, Arusha, Alphonce Mawazo, alihama pia, kata ikabaki wazi, na CHADEMA ikaishinda Februari 2014. Mawazo aliuawa Geita Novemba 2015, akiwa mwenyekiti wa chama chake mkoani humo. Wimbi la pili lilivuma upande wa pili, baada ya John Magufuli kuingia Ikulu, na lilikuwa kubwa zaidi. Madiwani na wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, karibu wote kwa maelezo yale yale, kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais. Mitaani yakafupishwa: ameunga juhudi. Mkoa wa Manyara, wenye Mbulu na Hanang, haukupitwa. Pauline Gekul wa Babati Mjini na huyo huyo Millya, ambaye 2015 alikuwa ameingia bungeni kwa CHADEMA kutoka Simanjiro, walihamia CCM mwaka 2018, wakateuliwa kugombea viti walivyovijiuzulu, na wote wawili wakapita bila kupingwa. Wapiga kura wa Babati na Simanjiro walibadilishiwa chama bila kuitwa kituoni.

Sasa zisome tarakimu za chaguzi ndogo za madiwani. Tarehe 9 Februari 2014, kata 27: CCM 23, CHADEMA tatu, NCCR-Mageuzi moja. Tarehe 26 Novemba 2017, kata 43: CCM 42, CHADEMA moja, Ibighi ya Rungwe. Tarehe 12 Agosti 2018, kata 77: CCM zote.

Chukua ya 2014 peke yake. Kama uchaguzi mdogo ni kipimajoto, basi upinzani ulikuwa taabani: kata nne kati ya 27. Miezi 20 baadaye Lowassa alipata asilimia 39.97 ya kura za urais dhidi ya 58.46 za Magufuli, na UKAWA ikachukua halmashauri ambazo hakuna aliyezitegemea. Kipimajoto kilisema mgonjwa hoi, kumbe alikuwa anajiandaa kukimbia. Baadhi ya tofauti hiyo unaweza kuieleza kwa kuuliza swali ambalo magazeti yetu huliacha, yaani kata hizo zilikuwa za nani kabla. Chama kilichoshinda kata 23 ambazo 20 zilikuwa zake tayari kimesonga mbele hatua tatu tu. Hiyo 20, na hizo hatua tatu, natoa kwa mfano. Hoja ni kwamba bila safu ya pili jedwali la matokeo halisemi kitu.

Waingereza wana safu hiyo ya pili, na wameifanya karibu mchezo wa taifa. Kwao kiti cha diwani kikiwa wazi hakingoji kukusanywa na vingine. Kila kimoja hupigiwa kura kwa siku yake, karibu kila mara Alhamisi, na Ijumaa asubuhi orodha hutoka: chama gani kimelinda, kipi kimenyang'anya. Maprofesa wawili, Colin Rallings na Michael Thrasher wa Plymouth, walitumia miaka mingi kuyakusanya matokeo hayo na kukisia kwayo kura za nchi nzima. Wanaokwenda kupiga kura ni wachache, mara nyingi robo au theluthi ya walioandikishwa, na hao wachache wana tabia moja inayojulikana: hukitumia kiti kile kukifinya chama kilichoko madarakani. Serikali haianguki kwa diwani mmoja, kwa hiyo kumpa mpinzani hakugharimu kitu.

Kwetu hesabu ni ile ile, lakini jibu linageuka. Serikali haitaanguka kwa diwani mmoja, kweli, na halmashauri haitabadilika mikono. Basi mkazi wa Dongobesh kule Mbulu au Endasak kule Hanang anajiuliza: diwani wa upinzani, peke yake kwenye baraza la chama kingine, ataniletea nini? Diwani ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Kwa mkono wake hupita maombi ya darasa, zahanati, kivuko, bomba la maji. Fedha zenyewe, sehemu kubwa, hutoka serikali kuu. Mgombea wa chama tawala hahitaji kutisha mtu. Anasema tu kwamba yeye ana njia ya kufika zinakotoka, na waziri aliyekuja kumnadi amesimama hapo hapo jukwaani kama ushahidi. Katika uchaguzi mkuu hoja hiyo hupungua uzito, kwa sababu wakati huo kila kitu kiko mezani kwa pamoja, na kata inaweza kuota kwamba halmashauri nzima itahama. Uchaguzi mdogo hauna ndoto hiyo. Hata bila hila yoyote, mzani wake umeinamia upande mmoja.

Na hila zilikuwepo, au walau malalamiko yalikuwa mengi kiasi cha kutoweza kupuuzwa. Mawakala walizuiwa vituoni. Fomu zilikataliwa kwa kosa la kalamu. Msimamizi wa uchaguzi katika halmashauri alikuwa mkurugenzi wake, mteule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikawarudisha. Mwanafunzi wa chuo, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam tarehe 16 Februari 2018, akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wakitawanya maandamano ya CHADEMA kuhusu mawakala wa uchaguzi mdogo wa Kinondoni. Uchaguzi ule ulikuwa wa kujaza kiti ambacho mbunge wake alikuwa amekihama, kisha akakigombea tena, akakipata tena. Baada ya chaguzi ndogo za ubunge za Monduli na Ukonga, Septemba 2018, CHADEMA ikatangaza kwamba haitashiriki tena chaguzi ndogo. Tangu hapo kuzungumzia matokeo ya vyama katika chaguzi hizo ni kama kusimulia mechi ya timu moja.

Jambo moja la Uingereza linanivutia kuliko tarakimu zote za wale maprofesa. Diwani wa kule akihama chama, hapotezi kiti. Anabaki nacho hadi muda wake uishe, na wananchi watamhukumu siku hiyo. Kwa kawaida kiti hupotea kwa kifo, kwa kujiuzulu, au kwa kutohudhuria vikao miezi sita bila ruhusa. Na anayekosana na chama kabla ya uchaguzi anasimama kivyake, kama Sarwatt. Halmashauri nyingi za mashambani zina kundi zima la watu wa aina hiyo. Karibu zaidi na sisi, Kenya iliwaruhusu wagombea binafsi kwa Katiba ya 2010, na mabunge ya kaunti yana wawakilishi wa wadi walioingia bila chama. Kenya ina matatizo yake ya uchaguzi, mengine makubwa kuliko yetu, lakini aliyeangushwa kwenye mchujo wa chama ana pa kwenda bila kuivuruga wadi yake katikati ya muhula.

Hoja ya kutetea sheria yetu ninaijua, nayo si ya kipuuzi. Nchi ya makabila zaidi ya mia moja na ishirini, inasemwa, ikiruhusu kila mtu asimame kivyake, kila ukoo utasimamisha mtu wake. Wairaqw watamsimamisha Mwiraqw, Wabarabaig Mbarabaig, na malisho ya Yaeda yatakuwa ilani. Chama hulazimisha watu wazungumze kabla ya kugombana. Ningeikubali hoja hii kama ugomvi wenyewe ungekoma. Haujakoma. Umehamia kwenye kura za maoni, ambako wapigaji ni wanachama, fedha hutembea usiku, na jina la mwisho hutoka kwenye kikao kisichoonekana. Anayeshindwa huko ama hununa miaka mitano, ama hubeba mkoba wake hadi chama cha pili, ambacho hupokea yeyote kwa sababu hakina mtu wake kwenye kata hiyo. Halafu tunashangaa kwa nini aliyepokelewa hivyo hakukaa.

Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani. Ndani yake kuna badiliko ambalo wapiga kura wa Babati na Simanjiro wangelipenda miaka sita kabla: mgombea akibaki peke yake, apigiwe kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa. Tume nayo ikaongezwa neno huru kwenye jina lake. Kuhusu mgombea binafsi sheria hiyo haikugusa kitu. Oktoba 2025, ilipofika zamu ya kuchagua madiwani wa halmashauri ya mji wa Mbulu, ya wilaya ya Mbulu na ya wilaya ya Hanang, CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi, ikiwa imezuiwa baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Mtu wa CHADEMA aliyetaka udiwani katika kata yake, hata kama majirani wote walimtaka, ilimbidi kwanza atafute chama kingine cha kuazima.